Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya vivuko vya pwani: kupwa na kujaa kunajulikana mwaka mzima, kwa nini msafiri wa gari la kulala abahatishe?

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya vivuko, magati na barabara za pwani, Kenya na Tanzania.

Yah: Usalama na huduma kwa magari madogo ya kulala yanayovuka kwa pantoni

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaandika hadharani kwa kuwa njia ya faragha tumeimaliza. Barua zilipelekwa na kugongwa muhuri, vitabu vya maoni vilijazwa, simu zilipigwa, na jibu limebaki lile lile: suala lenu linafanyiwa kazi. Hatutaji kituo wala mtumishi, kwa sababu kasoro tunazozieleza haziko mahali pamoja na hatutaki mtu mmoja aadhibiwe kwa utaratibu ambao haujawahi kuandikwa. Mabaharia wengi wa pantoni ni watu wa kazi na wa msaada. Wanachokosa ni maelekezo na vifaa, na hivyo viko mikononi mwenu.

Pwani yetu ni ya kutembezwa kwa gari. Msafiri huacha gari Mokowe, akaenda Lamu kwa boti na kurudi, kisha akashika barabara ya kusini bahari ikiwa mkono wa kushoto: Malindi, Kilifi penye daraja tangu 1991, Mombasa, Likoni, Diani, mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, Tanga, Pangani, kuvuka mto hadi Bweni, hifadhi ya Saadani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Kilwa, Lindi, hadi Mtwara ambako Msangamkuu iko ng'ambo ya maji. Njia hiyo haina hoteli kila mahali, na ndiyo maana watu huibeba nyumba. Wanaofanya hivyo si wageni wa ng'ambo peke yao. Zipo familia za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam zilizonunua HiAce au Noah iliyotumika, zikang'oa viti vya nyuma, zikaweka kitanda cha mbao, friji ndogo, betri ya pili, tangi la maji na jiko la gesi. Wapo pia wenye Land Cruiser na hema juu ya paa. Tunaposema gari la kulala tunamaanisha hayo, si yale mabasi makubwa ya Ulaya.

Gari la aina hiyo huvuka kwa shida ambazo gari la kawaida halina. Malalamiko yetu ni haya.

1. Maji kupwa na mlango wa pantoni

Hili ndilo kubwa kuliko yote, nasi tutalieleza kwa kirefu, maana tunaamini halijawahi kuelezwa mezani kwenu kwa vipimo.

Wakati wa bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi karibu 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua hadi mita 1 hivi. Chukua gati la zege lenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 8. Maji yakishuka mita 3, ukingo wa maji unasogea mita 24 kuelekea chini. Pantoni nayo lazima isogee mita hizo 24 ili mlango wake uguse nchi kavu. Sasa ulizeni: zege la kila gati lenu linaishia wapi? Palipo na mita 15 tu za zege nzima, mlango unashukia kwenye mawe, tope au zege lililovunjika, na sehemu hiyo ndiyo yenye mwani na ukoga kwa sababu hukaa majini muda mwingi.

Hapo linakuja suala la pembe. Mlango wa pantoni unateremka kutoka sitahani, gati linapanda kutoka majini, na vinapokutana hufanya bonde. Nyuzi za miteremko miwili hujumlishwa: mlango ukiteremka nyuzi 6 na gati likipanda nyuzi 7, gari linakutana na mkunjo wa nyuzi 13. Gari dogo la kawaida lenye mkia mfupi hupita. Gari la kulala hubeba tangi la maji chini ya sakafu, nyuma ya tairi, pamoja na ekzosi iliyorefushwa na mara nyingine ndoano ya kuvutia. Tangi lililoning'inia sentimita 20 kutoka chini, na mwisho wake ukiwa sentimita 120 nyuma ya mahali tairi linapokanyaga, litagusa mkunjo ukizidi nyuzi 9 na nusu hivi, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 6. Kwenye mkunjo wa nyuzi 13 halina pa kupita. Litakwaruza, na lisipotoboka litang'oa bolti za kushikilia. Mbele huwa bampa, na kwenye gari lililoshushwa springi kwa uzito huwa sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Sampo ikipasuka pale mlangoni, oili inamwagika juu ya chuma chenye maji, na gari linalofuata linateleza.

Kosa linalozidisha madhara ni lile la kumwambia dereva akanyage. Gari likiingia bondeni kwa kasi, springi hujibana, na nafasi ya sentimita 20 inakuwa 12 au 10. Inatakiwa kinyume chake: giya ya kwanza, au giya nzito ya gari la miguu minne, mwendo wa mtu anayetembea, na mwongozaji mmoja tu anayeonekana na dereva. Leo kwenye magati mengi huongoza watu wanne kwa wakati mmoja, baharia, mpagazi, dereva wa nyuma na mpita njia, kila mmoja na ishara yake.

Waheshimiwa, jambo hili lina dawa ya bure ambayo ni saa. Katika pwani ya Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa kabisa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ni hivyo kila bamvua, mwaka hadi mwaka. Kila siku inayofuata muda huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wavuvi wanalijua hili tangu utotoni. Jedwali la maji huchapishwa kwa mwaka mzima kabla. Lakini saa nne asubuhi ndiyo saa msafiri aliyelala Tanga au Diani, akanywa chai na kufunga hema, anapofika gatini. Anafika kwenye maji mabaya kuliko yote ya siku, na hakuna aliyemwambia.

Angeambiwa angesubiri. Saa moja kabla na saa moja baada ya kupwa kabisa, maji hubadilika kidogo sana, sehemu moja tu kati ya kumi na mbili za tofauti yote: kwa mita 3 ni sentimita 25. Kwa hiyo kati ya saa tatu na saa tano hali haibadiliki. Kufika saa sita maji yamepanda sentimita 75 hivi, na kufika saa saba mchana yamepanda mita 1 na nusu, pantoni imerudi mita 12 juu ya gati, penye zege zima. Dereva mwenye taarifa hiyo atavuka kabla ya saa moja asubuhi au atakula samaki kwa mama ntilie mpaka saa saba. Asiye nayo ataacha tangi lake pale mlangoni.

Kuna na mbao. Mbao mbili ngumu za urefu wa sentimita 120, upana wa 30 na unene wa 5, zikilazwa pale bondeni chini ya njia ya tairi, huinua gari kiasi cha kutosha kuokoa wengi. Kila pantoni ikibeba mbao nne zenye kamba ya kuvutia, kazi hiyo huchukua dakika mbili. Nahodha naye anaweza kusaidia kwa mpangilio wa mizigo unaopunguza mwinamo wa mlango. Wapo manahodha wanaofanya hivyo kwa uzoefu. Tunaomba uwe utaratibu.

2. Tairi zisizozuiwa na watu waliofungiwa ndani

Septemba 2019, gari dogo lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na mtoto wake. Shughuli ya kuliopoa ilichukua karibu wiki mbili, na taifa zima lilitazama. Baada ya msiba wa namna ile tulitarajia kwamba hakuna gari litakalosimama juu ya pantoni yoyote ya pwani hii bila jiwe au kabari chini ya tairi. Bado yapo magari yanayovuka yakishikwa na breki ya mkono tu.

Gari la kulala lililojaa maji, mafuta, chakula na vyombo linaweza kufika tani 3. Breki ya mkono ya HiAce iliyotumika miaka 15 isitegemewe peke yake juu ya chuma chenye maji na mwinamo. Inatakiwa giya iingizwe, au P kwa gari la otomatiki, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, na kabari mbili ziwekwe, moja kila upande wa tairi moja la nyuma. Mnyororo wa mdomoni ufungwe kabla pantoni haijaondoka. Tumeona minyororo iliyoning'inizwa kwa mapambo, ndoano yake ikiwa imepotea.

Abiria washuke kabla gari halijapanda. Dereva naye atoke akishaegesha, na hapa kuna tatizo la maegesho. Baadhi ya HiAce na Noah zilizotoka Japani zina mlango mkubwa wa kuteleza upande wa kushoto tu, na sehemu ya kulala imezibwa na kabati upande wa kulia. Gari likiegeshwa kushoto kwake kukiwa na ukuta wa pantoni au lori, mtoto aliyelala kitandani hana pa kutokea. Tunaomba nafasi ya sentimita 60 upande wa mlango huo. Msongamano wa waenda kwa miguu kati ya magari ni suala zito zaidi ya sisi, na tarehe 29 Aprili 1994 ya Mtongwe, watu 272 walipokufa, haihitaji kukumbushwa kwa mtu yeyote wa Mombasa. Sisi tunasema tu kwamba njia ya watu na njia ya magari zikichorewa mstari wa rangi sitahani, na mstari huo ukaheshimiwa, pande zote mbili zitapona.

3. Mitungi ya gesi na madumu ya mafuta

Kuna vituo ambako mtungi wa kilo 6 hunyang'anywa na msafiri huambiwa aupitishe kwa mpagazi na alipe. Kuna vituo ambako gari hupita na jiko likiwa bado lina moto wa chai. Yote mawili ni makosa, na yote mawili yanatoka kwenye kukosa sheria iliyoandikwa.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya gari hutulia sakafuni, chini ya kitanda, na kwenye pantoni inaweza kuteremka hadi mahali pa chini penye injini. Kwa hiyo kanuni ni fupi: valvu ifungwe kwa mkono, regileta ifunguliwe na kuondolewa, mtungi usimame wima na ufungwe kwa mkanda, madirisha yawe wazi, na friji inayotumia gesi izimwe kabla ya foleni, si baada ya kupanda. Mitungi isizidi miwili kwa gari. Kipimo cha uvujaji ni povu la sabuni kwenye maungio, kazi ya dakika moja ambayo mlinzi wa geti anaweza kufundishwa.

Petroli kwenye madumu ya plastiki yaliyokuwa ya mafuta ya kula isiruhusiwe kabisa, hata kwetu sisi. Joto la saa nane mchana hulivimbisha dumu, kifuniko huachia, na mvuke hujaa gari. Madumu ya chuma yenye mpira mdomoni, yakifungwa nje ya gari, yakubaliwe kwa idadi mtakayoitaja.

4. Nauli inayokadiriwa kwa macho

Gari moja, safari moja, huitwa gari dogo asubuhi na basi dogo jioni. Hema juu ya paa limewahi kuligeuza gari kuwa lori machoni pa mkata tiketi. Tunaomba jedwali la urefu na uzito lipakwe ukutani kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye usukani. HiAce ya kawaida ina urefu wa mita 4.7 hivi, ile ndefu karibu mita 5.4, mstari wa rangi wa mita 5 na wa mita 6 ukichorwa kwenye sakafu ya foleni unamaliza ubishi bila mtu kupandisha sauti. Malipo ya simu na kadi ni mazuri, lakini anayetoka Horohoro na laini ya nchi nyingine hukwama, na hapo ndipo wanapojitokeza vishoka wa kulipia kwa niaba. Liwepo dirisha la fedha taslimu lenye risiti.

5. Habari inayomfikia msafiri akiwa tayari ukingoni

Pantoni ni mashine, itaharibika. Hatulalamiki kwamba iliharibika. Tunalalamikia mahali tangazo linapobandikwa: gatini, pale ambapo msafiri hana tena la kuchagua.

Mfano wa Pangani unaeleweka kwa yeyote aliyeipita njia ile. Anayetoka Tanga kwenda Bagamoyo kwa barabara ya pwani, akifika mtoni na kukuta hakuna kuvuka, inambidi arudi hadi Muheza, ashike Segera, ateremke hadi Msata, ndipo akate kwenda Bagamoyo. Ni mzunguko wa zaidi ya kilomita 250, na kwa mwenye tangi la robo ni suala la kulala njiani. Tangazo hilo hilo lingekuwa Tanga mjini, Muheza na Makurunge, lingemkuta akiwa bado ana njia mbili. Kibao chenye vipande viwili vinavyogeuzwa, KINAVUSHA na HAKIVUSHI, kikitunzwa na mwenye duka wa njia panda anayepigiwa simu kila asubuhi, hakihitaji intaneti wala umeme. Kwa upande wa Mombasa, kibao kabla ya Likoni kingemwelekeza mwenye gari la kulala barabara ya Dongo Kundu siku foleni inapozidi. Kwa kweli tungefurahi magari yetu yasiende Likoni kabisa saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Namba ya simu nayo. Iwe moja, ipokelewe na mtu aliye gatini, si ofisi iliyo mji mwingine.

6. Chumvi

Maji yakipwa na gari likalazimika kukanyaga maji ya bahari kuufikia mlango, madhara hayaonekani siku ile. Beringi na ngoma za breki zikiwa za moto kutokana na safari, zikatumbukia ghafla kwenye maji, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili. Baada ya wiki chache beringi hulia, breki hushika upande mmoja, na waya za taa za nyuma huota kutu ya kijani. Dawa yake ni kusimama nusu saa gari lipoe kabla ya kuingia, na kulimwagia maji baridi ya bomba, yasiyo na chumvi, chini kote baada ya kutoka, lita 40 au zaidi, hasa ndani ya rimu na juu ya springi. Bomba moja kila upande, lenye mpira wa mita 10 na kijana wa kulisimamia kwa malipo halali, ndilo tunaloomba.

7. Usiku

Anayeikosa pantoni ya mwisho hana pa kwenda. Akilala gatini anafukuzwa, na akisogea kijijini anahojiwa. Tengeni eneo la magari kumi karibu na kila gati, lenye choo, taa, maji na mlinzi, litozwe ada kwa risiti. Mokowe pia panahitaji hivyo hivyo, kwa kuwa kila gari linaloenda Lamu huishia pale na hubaki siku kadhaa bila mwenyewe.

Tunazijua sababu mtakazozitoa, nasi tumezitafakari kabla ya kuandika.

Mtasema daraja linakuja. Tunalijua daraja la mita 525 la Pangani na tunalifurahia, kama tulivyofurahia la Kilifi na la Mkapa lililofunguliwa 2003 na kuzika usumbufu wa kivuko cha Ndundu. Lakini Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa 2016 na pantoni za Magogoni bado zinavusha watu na magari. Msangamkuu, Likoni na visiwani, maji yatavukwa kwa chombo kwa muda mrefu. Tena, kipindi cha kungoja daraja ndicho gati husahauliwa na zege huachwa livunjike.

Mtasema magari haya ni machache. Ndiyo, kwa siku moja ni machache. Hata hivyo mbao inayoliokoa tangi letu huliokoa pia bampa la teksi na difu ya pikapu ya nyanya. Ambulansi iliyobeba mgonjwa kutoka ng'ambo ina mkia mrefu kama wetu, na dereva wake hawezi kungoja saa saba. Kila tunachokiomba katika hoja ya kwanza na ya pili kitamfaa yeye kabla yetu.

Mtasema hakuna fedha. Tumejitahidi kutenganisha. Jedwali la maji, kabari, mbao, rangi, vibao na namba ya simu si mambo ya bajeti ya wizara. Ni matumizi ya kituo. Kurefusha zege hadi chini ya kiwango cha bamvua ni kazi ya fedha nyingi, na kwa hilo tunaomba tarehe tu, iliyoandikwa.

Mtasema bahari haitabiriki. Upepo hautabiriki wote, kweli. Kusi likivuma kutoka baharini wakati mto unatoka kwa maji kupwa, mawimbi ya mdomo wa mto hufupika na kusimama, na nahodha ana haki ya kukataa kuvusha. Hatutamlaumu hata siku moja. Kupwa na kujaa ni jambo lingine, kunahesabika.

Na mtasema kwamba gari likigusa ni kosa la dereva. Mara nyingine ni kosa lake: ameshusha upepo wa tairi kwa ajili ya mchanga akasahau kuujaza, au amefunga tangi chini mno. Mwenye gari ana wajibu wake. Apime kimo cha kitu cha chini kabisa na umbali wake kutoka tairi, ajaze upepo, afike na tangi la maji likiwa nusu. Lakini hawezi kulinganisha vipimo vyake na gati ambalo mwinamo wake haujaandikwa popote.

Kwa hiyo tunaomba, kwa mpangilio wa uharaka:

(a) Ndani ya siku 30: jedwali la maji la mwezi libandikwe kila gati, likiwa na saa zilizopigwa mstari mwekundu kwa magari yenye mkia mrefu au ya chini, kabari mbili kwa kila gari linaloruhusiwa kupanda, mbao nne kila pantoni, mwongozaji mmoja mwenye fulana ya rangi.

(b) Ndani ya siku 90: sheria ya gesi na mafuta, na jedwali la nauli kwa urefu na uzito, vyote kwa Kiswahili, vikiwa vimetiwa saini na kubandikwa, kibao cha njia panda, namba moja ya simu, minyororo ya mdomoni na ndoano zake vikaguliwe na tarehe ya ukaguzi iandikwe.

(c) Kabla ya masika yajayo: kila gati lipimwe. Tunataka kujua mwinamo wake kwa nyuzi, urefu wa zege zima kutoka juu hadi mwisho, na hali ya zege hilo maji yakiwa ya kupwa kwa bamvua. Vipimo hivyo vitangazwe. Vyuma vya kushika tairi vilivyolika kwenye milango ya pantoni vichomelewe upya. Nondo za milimita 12 kila sentimita 20 zinatosha.

(d) Mpango wenye tarehe wa kurefusha zege, kuweka bomba la maji baridi na eneo la kulala, kituo kwa kituo.

Kwa upande wetu tunajitolea. Wapo kati yetu mafundi wa kuchomelea, madereva wa miaka mingi na watu wanaoweza kupima mwinamo kwa pima maji na futi kamba. Mkitaja siku ya bamvua, tutakuwa gatini kabla ya saa tatu asubuhi na vifaa vyetu, bila malipo, tupime pamoja na watu wenu, na nakala ya vipimo ibaki kituoni. Tutachapisha jibu lenu neno kwa neno mahali hapa hapa barua hii inaposomwa. Zikipita siku 30 bila jibu tutachapisha vipimo vyetu wenyewe, gati kwa gati, ili wasafiri wapate kujikinga.

Wenu katika ujenzi wa pwani,

Sisi madereva, mafundi na waongoza wageni wa magari ya kulala,
Pwani ya Kenya na Tanzania

Nakala: Wabunge na madiwani wa maeneo yenye vivuko, vyama vya madereva wa ambulansi, teksi na malori ya pwani.